Mfungo wa Timu ya Nyuki

Nduku hapigi simu kuuliza hali. Tangu nimfahamu, na sasa ni zaidi ya miaka ishirini, simu yake huanza na kazi. Jumatatu iliyopita simu yake ilinikuta kanisani, ghorofa ya tatu juu ya maduka ya jumla ya mablanketi, nikipanga viti na wazee wenzangu. Akasema bila salamu, "Shemasi, rafiki yako amekataa kutia sahihi." Mimi si shemasi tena, nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu, lakini yeye na huyo rafiki yangu, Byamungu, bado wananiita kwa cheo nilichokuwa nacho tulipokutana. Nikamwuliza sahihi ya nini. "Ya goti, ya nini tena? Amesubiri foleni ya hospitali miaka minne. Wamempa kitanda, Alhamisi ya wiki ijayo. Fomu iko mbele yake na anasema hataki. Nikimwuliza kwa nini, anaangalia ukuta. Mimi ni nesi, maneno yangu yameisha. Wewe si ni mtu wa Mungu? Hebu nenda ukatumie yako." Akakata simu.

Nilikaa kwenye kiti kimoja kati ya vile nilivyokuwa napanga. Goti la Byamungu najua lilikotoka. Nilikuwepo siku lilipovunjika, na kuna neno juu ya siku ile ambalo sikuwahi kumwambia mtu, wala mke wangu, wala Byamungu mwenyewe. Mungu analijua, na kwa uvumilivu wake ameniacha nizeeke nalo. Kila nilipopanda ngazi za Byamungu kule mtaa wa Bertrams, hapa Johannesburg, kumtembelea, nilijiambia kwamba leo nitasema, na kila mara tulizungumza habari za nyumbani, bei ya unga na watoto ambao tukiwasemesha Kiswahili wanajibu Kiingereza. Wiki hii sikuona mlango wa kutorokea. Ili nieleze kwa nini, lazima nirudi mwaka ule tulipokuwa watu wa timu ya Nyuki.

Vijana wa kanisani wakisikia kwamba jiji hili liliwahi kuwa na timu ya mpira wa Kimarekani, yenye wachezaji wa kulipwa, hudhani nawatania. Lakini ilikuwepo, kwa msimu mmoja. Kampuni kutoka Amerika iliunda timu nne katika miji minne, ikaahidi televisheni na kombe. Sisi wa Johannesburg tulipewa jina la Nyuki, na jezi za kahawia zenye mistari ya manjano. Ndio tuliopewa vingi kuliko wote: basi jipya lililopakwa rangi zetu, helmeti zilizokuja na meli, na kocha mzee, Walt, aliyefundisha mchezo huo kwao kwa miaka thelathini. Magazeti yaliandika kwamba kombe ni letu hata kabla ya mpira wa kwanza kurushwa. Wachezaji walikuwa mchanganyiko: makaburu walioachwa na timu za raga, vijana wa mtaa wa Alexandra waliokimbia kana kwamba polisi wako nyuma yao, na watu wetu watano, Wakongo wanne kama mimi na Mrundi mmoja aliyeitwa Ndayi. Hao watano kocha aliwaokota kwenye milango ya maduka ya mjini, walikokuwa wakisimama sekyuriti. Kocha Walt aliingia dukani kununua blanketi, akatoka na Byamungu.

Kazi ya Byamungu katika timu ilikuwa kusimama mbele ya mrushaji na kuzuia watu wasimfikie. "Ni kazi ile ile," aliniambia siku ya kwanza, akijipima mapedi ya mabega mbele ya kipande cha kioo tulichokuwa nacho. "Ila huku mwizi anakuja na helmeti." Mchezo wenyewe niliuelewa polepole. Timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira hatua kumi, ikishindwa huupoteza, na baada ya kila jaribio watu husimama, hujipanga, hunong'onezana, kisha hugongana tena. Mwanzoni niliuona mchezo wa watu wasiojua wanachotaka. Baadaye nikaupenda, kwa sababu ulifanana na maisha yetu ya mjini: hatua mbili mbele, tatu nyuma, kisha unasimama na kujipanga upya.

Mimi nilipata kazi kwa mgongo wake. Nilikuwa mfua nguo wa timu. Chumba changu kilikuwa nyuma ya bwalo la shule iliyofungwa ambayo kampuni iliikodi, si mbali na Bertrams, na kilikuwa na mashine tatu, moja mbovu. Harufu ya chumba kile bado iko puani mwangu: jasho, dawa ya misuli, sabuni ya unga na majani mabichi yaliyoshikamana na soksi. Jioni mimi na Byamungu tulirudi kwenye chumba chetu cha kupanga, kilichogawanywa kwa pazia, tukapika bugali na sombe, ugali wetu na majani ya muhogo, kwenye jiko la gesi. Dirishani tuliona taa za ule uwanja mkubwa wa mji. Uwanja ule haukuwa wetu. Sisi tulichezea kiwanja cha zamani cha wafanyakazi wa mgodi, chenye jukwaa moja la mbao na choo kimoja. Byamungu alikuwa ameweka mkataba wake ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro, na mara nyingine aliutoa ili nimsomee tena ukurasa wa mwisho. Pale iliandikwa kwamba mchezaji atakayechukuliwa kwa msimu wa pili, kampuni itamwombea kibali cha kazi. Hiyo ndiyo iliyokuwa hazina yake. Alikuwa akiishi kwa karatasi ya mkimbizi, ya kwenda kupanga foleni kabla ya jua kutoka kila baada ya miezi michache, na siku nyingine kurudi bila kuhudumiwa. "Mshahara ni mzuri," alisema, "lakini miye nagombania ile foleni. Siku nikiacha ile foleni, Shemasi, nitajua nimefika nchi hii."

Tukaanza kushindwa. Mechi ya kwanza tulisema ni ugeni, ya pili tukasema ni mvua. Ya tatu tulifungwa na Pretoria mbele ya watu ambao nusu yao walikuwa jamaa zetu, na kutoka jukwaani sauti moja ya mama ikapaa juu ya zote: "Nyuki! Asali iko wapi?" Tangu siku hiyo wimbo ulikuwa huo kila tulikokwenda. Wengine walileta mikate mikavu wakaiinua juu, wakidai asali ya kupaka. Wachezaji wa raga waliwalaumu wale wa Alexandra, wa Alexandra wakawalaumu walinzi wetu, na walinzi wetu hawakumlaumu mtu. Waliinamisha vichwa wakavua viatu. Mtu akishindwa mara moja hukasirika. Akishindwa mara sita hakasiriki tena, anachoka tu, na uchovu ule niliuona hata kwenye nguo. Jezi zilikuja kwangu zimeviringishwa pamoja na soksi ndani, kama za watoto, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuzinyoosha.

Baada ya mechi ya sita, Jumanne, nilikuwa nakunja taulo. Ukuta wa chumba changu ulipakana na ofisi ya Kocha, na juu kulikuwa na tundu la hewa. Nikamsikia mtu wa kampuni akisema kwamba fedha za msimu wa pili zipo, lakini si kwa watu hawa. Mstari wa mbele, alisema, ni ukuta wa karatasi, na usipobadilika upesi wote watano hawatachukuliwa. Kocha akajibu taratibu, "Wape mechi hii moja. Yule mkubwa ana moyo." Yule mkubwa alikuwa Byamungu. Nilisimama na taulo mkononi nikifikiria ule mfuko wa plastiki chini ya godoro.

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mwangalifu, kwa sababu mtu akizeeka hupenda kuupamba ujana wake. Jumatano jioni watu wetu watano walikusanyika chumbani kwetu kwa maombi, kama kawaida yetu ya kila wiki, wakikaa juu ya vitanda viwili mpaka mbao zikalia. Niliongoza nyimbo, kisha nikasimama na kuwaambia kwamba Mungu amesema nami. Nikasema roho ya kushindwa imeingia katika timu, na kwamba haitatoka ila kwa kufunga kavu, siku tatu bila chakula wala tone la maji, kuanzia Alhamisi mpaka filimbi ya mwisho ya mechi ya Jumamosi. Kwetu jambo hilo halikuwa geni. Mama zetu walifunga hivyo watoto walipougua, na sisi wenyewe tulifunga hivyo tulipovuka mipaka kuja huku. Lakini hakuna mama aliyefunga kavu kisha akaenda kugongana na watu wa kilo mia na ishirini. Ndayi peke yake aliuliza, "Hata maji, Shemasi? Na lile jua?" Nikamjibu kwamba aliyeumba jua ndiye anayetuita. Byamungu akasema, "Weye ukisema Mungu amesema, miye niseme nini?" Nikawaagiza wasimwambie Kocha wala Nduku, kwa maana mfungaji hajitangazi.

Nduku alikuwa nesi wa timu, Mkenya, mwenye mizani na daftari. Yeye na Kocha walikuwa wamepanga chakula cha kila siku, na mlo mkubwa ulikuwa wa Ijumaa saa sita mchana, mlo ambao Kocha aliuheshimu kama ibada. Wote waliketi bwaloni kwenye meza ndefu, na hakuna aliyeinuka mpaka Kocha apite na kuona sahani yake iko tupu. Mama Thoko, mpishi kutoka Alexandra, aliandaa tambi, kuku, viazi vitamu na maziwa. Watu wangu watano waliketi mwisho wa meza, karibu na mlango wa chumba changu, na nikapita nyuma yao na kapu la taulo chafu. Vipande vya kuku vikaangukia ndani ya taulo, tambi zikafuata ndani ya mifuko ya plastiki, maziwa yakamiminwa chupani. Nikapita mbele ya Kocha na kapu lile likinukia vitunguu, akanipigapiga begani akasema, "Kazi nzuri, mwanangu." Mama Thoko alipoona zile sahani akashika kiuno. "Eish, hawa watu wa Kongo! Hata mifupa hawaachi!" Bwalo zima likacheka, na sisi tukacheka nao. Nilikibeba chakula kile mpaka kwenye robot, zile taa za barabara kuu, nikawapa watu wanaoomba pale, na nikajiambia kwamba sasa mfungo wetu una hata sadaka.

Jumamosi asubuhi Nduku aliwapima. Nilikuwa nagawa jezi, kwa hiyo nilisikia kila neno. "Ndayi, umepungua kilo nne tangu Jumatano. Unaharisha?" "Hapana, sista. Ni jasho." "Jasho gani la kilo nne? Nionyeshe ulimi." Wa pili alikuwa vile vile, na wa tatu. Byamungu alipopanda, mizani haikusogea kutoka pale ilipokuwa Jumatano. Nikamshukuru Mungu moyoni, nikaona amemlisha mtumishi wake kwa njia asizozijua nesi. Nduku alinigeukia kalamu ikiwa sikioni. "Wewe Shemasi, hawa watu wako wanakula kweli?" Nikamjibu, "Si uliziona sahani?" Sikusema kwamba wamekula. Nilijivunia ule ujanja kwa muda wa saa sita hivi.

Kwa saa mbili za mwisho kati ya hizo nilidhani mbingu zimefunguka, kwa sababu kipindi cha kwanza tulikuwa mbele. Haikuwahi kutokea msimu ule. Watu wetu watano walizuia kama milango ya chuma, mrushaji akapata nafasi ya kutazama kushoto na kulia, na yule mama wa asali akanyamaza. Wakati wa mapumziko niligawa maji, na watano wangu walisukutua wakatema, macho yamewaingia ndani. Ndayi alikuwa ameacha kutoka jasho. Nililiona hilo, ngozi yake kavu kama karatasi katika joto lile, na radi ikianza kunguruma kule kusini. Nililiona nikamwambia, "Bado kidogo, ndugu yangu."

Kipindi cha pili hakikuchukua muda mrefu. Mpira ulipoanzishwa, watu wa Pretoria walikuja kwa nguvu upande wa Ndayi, naye hakusukumwa; magoti yalimkatika tu, akaanguka ubavu na uzito wake wote juu ya mguu wa Byamungu aliyekuwa amesimama imara. Watu wengine wawili wakaanguka juu yao. Sikusikia mlio wowote. Niliona tu kwamba mguu umeelekea upande ambao mguu wa mtu hauelekei. Byamungu hakulia. Alimtazama mrushaji nyuma yake kuona kama ameguswa, kisha akalala. Nduku alikimbia akapiga magoti katikati yao, mkono mmoja kwenye goti la Byamungu, mwingine kwenye shingo ya Ndayi, na nikamsikia akipiga kelele, "Huyu hana maji mwilini! Nani amemnyima huyu mtu maji?" Tulifungwa, bila shaka. Sikumbuki ngapi.

Jumatatu Kocha alituita sote bwaloni. Ndayi alikuwa bado hospitali, amelazwa na dripu. Byamungu alikuja kwa magongo, mguu kwenye plasta. Kocha alisoma karatasi ya daktari, akaikunja, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyewaambia watu hawa wasile. Alieleza kwamba mkataba uko wazi: anayewafanya wenzake wavunje agizo la chakula anatoka siku hiyo hiyo, na kampuni haitamgharimia tena matibabu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kapu la soksi. Wale watatu waliobaki walitazama sakafu. Hawakunitazama, na kwa kutonitazama walinionyesha wazi. Kila mmoja alikuwa akingoja nifungue mdomo. Mdomo huu ulikuwa umefunguka siku tatu kwa maombi. Siku hiyo haukufunguka. Ndipo Byamungu akainua gongo moja, kama mtoto anayeomba ruhusa darasani, akasema kwa Kiingereza chake kidogo, "Ni mimi, Kocha. Mimi ndiye niliyewaharibu." Kocha alimtazama kwa muda mrefu. Nadhani hakuamini. Lakini mtu wa kampuni alikuwa ameketi pale, na kalamu ilikuwa tayari.

Nimejieleza mara nyingi mbele za Mungu kuhusu ukimya ule. Mwanzoni nilisema nililinda jina lake lisidhihakiwe na watu wasiotuelewa. Jina lake halikuhitaji mlinzi. Walinzi walikuwa wale watano, si mimi. Nililinda mshahara wa kufua soksi. Jioni ile nilipika bugali, nikamwekea mto chini ya mguu, nikasubiri aniulize. Alinawa mikono, akasema, "Tule," tukala. Hakuuliza siku hiyo wala baadaye. Miaka mingine niliuona ukimya wake kuwa msamaha, miaka mingine nikauona kuwa hukumu, kulingana na nilivyolala.

Msimu uliendelea bila yeye. Tulishinda mara moja tu, siku basi la Durban lilipoharibika njiani na mwamuzi akatupatia ushindi kwa sababu hakuna aliyekuja. Vijana waliruka kidogo kisha wakaacha, wakaona aibu. Ndayi alipona, akarudi Bujumbura. Msimu wa pili haukuwepo kwa mtu yeyote. Kampuni ilifunga virago, na nasikia hata waliotwaa ubingwa hawakuliona kombe. Kocha Walt aliniaga kwa kunipa mkono na pakiti ya sabuni iliyobaki. Lile basi letu nililiona mwaka uliofuata likibeba masofa. Kwa hiyo naweza kusema kwamba kibali cha Byamungu kingepotea hata angekuwa mzima, na nimeshasema hivyo, mara nyingi, peke yangu. Lakini goti lisingepotea. Alirudi mlangoni pa duka, safari hii ameketi kwenye stuli, na ile foleni ya karatasi aliipanga miaka mingine mingi kwa mguu mmoja na nusu.

Basi Jumamosi ya wiki hii nilipanda ngazi zake. Binti yake wa mwisho, Neema, alinifungulia. Fomu ya hospitali ilikuwa mezani chini ya kopo la sukari, na Byamungu kwenye kiti chake karibu na dirisha, mguu umenyooka juu ya kreti ya soda.

"Bwana asifiwe."

"Amina, Shemasi. Nduku amekutuma."

"Amenituma."

"Basi sema upesi, chai inapoa."

Nikamwuliza kwa nini hataki. Neema akadakia kwa Kiingereza kwamba baba yake anasema goti lile si la madaktari, na kwamba yeye amechoka kumbeba mtu mzima ngazini, eish. Byamungu akamwambia aende kwa Msomali akanunue sukari. "Sukari ipo, Papa, hii hapa." "Nenda tu." Alipotoka, Byamungu aliutazama ule ukuta alionisimulia Nduku. Hauna kitu, ni rangi ya kijani tu.

"Nitasema jambo, usinikatize," alisema. "Ile wiki ya mfungo, miye nilikula."

Nikavuta kiti karibu naye.

"Ijumaa asubuhi, pale spaza, kile kiduka cha kona. Nusu mkate, mayai mawili, na maziwa. Mchana nikakutilia kuku kwenye kapu lako kama wenzangu. Jumamosi asubuhi nikarudi spaza. Nilisimama pale mlangoni nikilia, Shemasi, na huku natafuna. Wenzangu wote walishika. Miye peke yangu nilivunja. Halafu kati ya watu wote uwanjani, mguu ukavunjika wa nani? Kwa hiyo Kocha alipouliza, nilisema kweli. Ni miye niliyewaharibia. Tungeshinda siku ile. Ndayi asingelala hospitali. Mungu aliweka alama yake hapa." Akaligusa goti kwa vidole viwili. "Sasa nimwite daktari aje kuifuta?"

Nilikuwa nimekuja na mzigo wangu nikidhani nitautua mbele yake, nikamkuta ameukalia wake, mzito kuliko wangu, na ni mimi niliyemfungia. Zaidi ya miaka ishirini. Nikakumbuka jinsi anavyotoka nje kila mara tunapoandaa Meza ya Bwana, akisema anakwenda kuangalia magari. Mimi niliyekuwa nikimega mkate nilifikiri ananikwepa mimi, na nikashukuru.

"Byamungu," nikasema, "Ndayi alikuangukia kwa sababu hakuwa na maji mwilini. Aliyemnyima maji ni mimi. Weye ulisimama imara kwa sababu ulikuwa umekula. Ungefunga kama wengine, nadhani ungekufa pale."

"Usinifariji."

"Sikufariji. Sikiliza. Mungu hakuniambia tufunge."

Akageuza kichwa kutoka ukutani.

"Nilisikia kupitia ukuta kwamba hawatawachukua msimu wa pili. Nikaogopa kwa ajili yako na ile karatasi yako. Nikatafuta jambo la kufanya, nikalipata, nikalipa jina la Mungu ili msikatae. Hakusema nami."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na Jumatatu ile nilinyamaza na kapu langu. Mungu hayumo kwenye goti lako, kaka. Nimo mimi."

Nilitegemea alie, au anicheke, maana alikuwa mtu wa mzaha. Alikiweka kikombe chini polepole, akakisogeza mbali na ukingo wa meza. "Toka kidogo," alisema. "Kasimame kwenye korido."

Nikatoka. Nilisimama kwenye korido nikiegemea reli, mtu wa umri wangu na koti la kanisani, na watoto wa jirani wakanipita wakiulizana kwa Kizulu huyu mzee amefanya nini. Sikuomba. Nilikuwa nimechoka, na niliona heri nisimsemeshe Mungu siku hiyo mpaka Byamungu awe amemaliza kusema naye. Neema alipanda na sukari yake, akaniangalia, akaingia. Nikasikia sauti zao, ya chini na ya juu, kisha kiti kikikwaruza sakafu.

"Shemasi!" aliita kutoka ndani. "Una kalamu? Hii ya Neema imekauka."

Nikaingia nikampa. Alikuwa ameitoa fomu chini ya kopo na ameivalia miwani, akifuata mistari kwa kidole. Hakunitazama. Kidole kilisimama katikati ya ukurasa.

"Hapa wamesema kabla ya operesheni nisile wala nisinywe maji. Hili nalo weye umewaambia?"

"Hapana," nikasema. "Hili ni la madaktari wenyewe."

"Basi hili nitalishika," alisema, akaandika jina lake.